Programu huria nayo inahitaji mkutano mkuu

Kila mwisho wa mwezi, kwenye zahanati za Newala na Masasi, mhudumu huketi na vitabu vya MTUHA, yaani rejista za huduma za afya, mbele yake na kuanza kujumlisha: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa waliopimwa malaria na waliokutwa nayo. Jumla hizo hujazwa kwenye fomu, hupelekwa wilayani, kisha huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ulioenea nchi nzima tangu mwaka 2013. Wizara ya Afya inaposema malaria imepungua mkoa huu na kuongezeka mkoa ule, mara nyingi inasoma kutoka humo. Wengi wanaojaza fomu hizo hawajawahi kuambiwa kuwa DHIS2 ni programu huria. Msimbo wake uko wazi: anayetaka ausome, aunakili, aubadili na autumie bila kulipia leseni. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, mara baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Leo unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, kikishirikiana na vikundi vya wataalamu vya nchi mbalimbali, kimojawapo kikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zaidi ya nchi 70 zinautumia.

Sasa tuseme mhudumu huyo amegundua kuwa kipengele fulani cha fomu hakilingani na kilichomo kitabuni, na kila mwezi analazimika kukisia. Leseni imempa haki zote za kuusoma msimbo na kuubadili. Hazimsaidii kitu. Anachotaka ni mtu wa kumpelekea tatizo, jibu lenye sababu, na kufahamu nani ameamua na lini. Hayo leseni haiyagusi. Haisemi nani ana kauli ya mwisho, nani anashika funguo za msimbo, fedha za wafadhili zinatumikaje, mgeni anaingilia mlango gani, wala kiongozi aliyechoka au aliyekengeuka anaondolewaje. Na hayo ndiyo yanayoamua kama jumuiya ya watu wanaotunza programu itadumu au itasambaratika mara tu mfadhili akifunga mkoba. Kwetu yameachwa yajiendee yenyewe. Kijana wa TEHAMA akianzisha mradi huanza na msimbo, kisha jina na nembo, na masharti ya kuuendesha hukumbukwa siku ya ugomvi. Hoja yangu ni kwamba masharti yatangulie, na kwamba somo hilo halihitaji kuagizwa ng'ambo. Limo kwenye vyama vya msingi vya korosho, zile AMCOS za Masasi na Newala, ambazo zimelisoma kwa kulipia.

Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zikapimwa, zikapangwa madaraja, zikasafirishwa hadi ghala kuu. Kisha chama kikuu, yaani TANECU kwa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, huupeleka mzigo mnadani. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei zao kwa siri na kuzitumbukiza kwenye sanduku la zabuni, na siku ya mnada sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Barua zilisomwa moja moja kwa sauti: kampuni gani, ghala lipi, tani ngapi, kilo kwa shilingi ngapi. Baada ya hapo swali lilirudi kwa wenye mali: tunauza au hatuuzi? Tazama kipi kilikuwa siri na kipi kilikuwa wazi. Bei ya mnunuzi ilifichwa hadi sanduku lilipofunguliwa, lakini uamuzi wa kuipokea au kuitupa ulifanyika juani, kila mtu akiona. Na uamuzi huo haukuwa wa maonyesho. Oktoba 2018 wanunuzi walipokuja na bei za chini mno ukilinganisha na msimu uliotangulia, wakulima walizikataa, na nchi nzima ikasikia.

Bei ya mnadani, hata hivyo, siyo inayofika mfukoni. Kati ya hapo na akaunti ya mkulima kuna makato: ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafirishaji, magunia, sehemu ya chama kikuu na ya chama cha msingi. Mkulima anaweza kuvumilia kato kubwa lenye maelezo. Asilolivumilia ni kato dogo ambalo hakuna awezaye kusema limetoka wapi. Ndiyo sababu ya kuwapo kitu kinachoitwa mjengeko wa bei, orodha ya makato inayotakiwa kufahamika kabla korosho hazijauzwa. Jumuiya nyingi za programu huria hazina mjengeko wa bei. Msimbo wao uko hadharani, ila uamuzi wa nini kiingie na nini kiachwe hufanyika kati ya watu watatu wanaofanya kazi ofisi moja, wakati wa chai. Aliye mbali anaamka na kukuta mchango wake wa miezi mitatu umekataliwa kwa sentensi moja, au haukujibiwa kabisa. Hana cha kukatia rufaa, kwa kuwa hakuna hukumu iliyoandikwa. Jumuiya zilizofanikiwa kuishi muda mrefu zinafanya tofauti. Kwenye lugha ya programu ya Python, pendekezo kubwa la mabadiliko huandikiwa waraka wenye hoja za pande zote, na waraka wa pendekezo lililokataliwa hautupwi. Unahifadhiwa pamoja na sababu za kukataliwa, ili atakayekuja na wazo lilelile baada ya miaka kumi asianze upya wala asidhani ameonewa.

Suala la pili ni funguo, na hapa ushahidi unatisha. Machi 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, alishangaa kuona kompyuta aliyokuwa akiijaribu inachelewa karibu nusu sekunde wakati wa kuingia. Nusu sekunde tu. Alipofukua, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux duniani. Aliyeuweka hakuvunja dirisha. Alijitambulisha kwa jina la Jia Tan, akaanza kuchangia kazi nzuri tangu mwaka 2021, taratibu akaaminiwa, wakati majina mengine yasiyojulikana yalipokuwa yakimsonga msimamizi wa mradi kwamba amezembea na inafaa apate msaidizi. Msimamizi huyo alikuwa peke yake, amechoka, halipwi. Akakabidhi funguo. Kitu ambacho sehemu kubwa ya seva za dunia ilikitegemea kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, bila bodi, bila mkaguzi, bila utaratibu wa kumpokea mgeni. Hata chama cha msingi kidogo kabisa pembezoni mwa Newala hakiruhusiwi kuendeshwa hivyo. Fedha zake benki zinahitaji saini ya zaidi ya mtu mmoja, bodi yake inachaguliwa na mkutano mkuu, na hesabu zake zinapaswa kukaguliwa, kazi ambayo kwa vyama vya ushirika imepewa shirika la ukaguzi, COASCO.

Wataalamu wa kompyuta watanijibu kuwa programu haitengenezwi kwa kura. Anayejua anajua, na msimbo mbovu hauwi mzuri kwa kuwa wengi wameunyooshea mkono. Ni kweli, na ushirika unakubaliana nao. Hakuna AMCOS inayopiga kura kuamua kama gunia hili ni daraja la kwanza. Korosho huangaliwa, unyevu wake hupimwa, na mwenye utaalamu husema. Wanachama wanachoamua ni jambo jingine: nani awe mpimaji, anapima kwa kigezo gani, na mtu asiporidhika aende wapi. Mgawanyo huo unafanya kazi vizuri kwenye programu pia. Debian, mojawapo ya jumuiya kongwe za programu huria, ina katiba tangu mwaka 1998. Wanachama wake huchagua kiongozi kila mwaka na wanaweza kutengua uamuzi wake kwa kura, wakati kila mtunza kifurushi cha programu ana mamlaka yake juu ya kazi yake ya kila siku. Hakuna anayepigia kura mstari wa msimbo. Kinachopigiwa kura ni madaraka. Anayesema utaalamu unatosha, mara nyingi ni yule ambaye tayari yumo ndani na hajawahi kugonga mlango.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba miradi mikubwa imejengwa na mtu mmoja mwenye maono, na kamati zingeiua. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na mpaka leo neno lake ndilo la mwisho. Sawa. Lakini kati yake na mchangiaji wa kawaida kuna ngazi za wasimamizi, kila mmoja na eneo lake, na mabadiliko hupita mikononi mwao huku majadiliano yakisomwa na yeyote. Hata hivyo, mwaka 2018 Torvalds mwenyewe alilazimika kukaa pembeni kwa muda na kuomba radhi kwa lugha yake kali dhidi ya wenzake, na jumuiya ikapata kanuni mpya za mwenendo. Julai mwaka huohuo Guido van Rossum, aliyeiasisi Python, alijiuzulu uongozi baada ya mabishano yaliyomchosha, na hakumteua mrithi. Jumuiya ikabaki na lugha inayotumiwa na mamilioni, bila kiongozi na bila utaratibu wa kumpata. Ilichukua miezi kadhaa ya kujadili mapendekezo mbalimbali ya katiba kabla ya kuchagua baraza la watu watano mwaka 2019. Walivuka salama kwa sababu walikuwa na desturi ya kujadiliana kwa maandishi. Kiongozi mwema ni bahati nzuri, na bahati haiwekwi kwenye masharti ya chama.

Wakulima wa kusini mwa Tanzania wanalijua hili bila kusimuliwa habari za Python. Wakulima walipokataa bei mwaka 2018, Serikali iliingilia kati, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa korosho zote zitanunuliwa kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumwa kuzisomba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na bei ilikuwa nzuri kuliko za wanunuzi. Lakini uamuzi ukahama kutoka uwanja wa mnada kwenda juu, uhakiki wa nani ni mkulima halisi na nani ni mlanguzi ukafanyika kwa utaratibu ambao mkulima hakuujua mapema, na wapo waliosubiri fedha zao kwa miezi mingi. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima kwa amri, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Sheria hupitishwa kwa siku moja. Mazoea ya watu kuketi na kuamua pamoja hayakurudi kwa kasi hiyo.

Wengine wanaona wasiwasi wote huu hauna maana, kwa kuwa programu huria ina dawa yake: usiporidhika, chukua nakala ya msimbo uondoke nayo. Dawa hiyo ipo na imewahi kuponya. Mwaka 2010 watengenezaji wa programu ya ofisi ya OpenOffice, walioona kampuni ya Oracle inawasonga, walitoka na nakala wakaanzisha LibreOffice, ambayo leo ndiyo inayoendelezwa zaidi. Lakini waliotoka walikuwa wataalamu waliobobea, wenye taasisi na kampuni nyuma yao. Halmashauri ya Newala haiwezi kuamka kesho na nakala yake ya DHIS2, ikatafuta watengenezaji, ikajitenga na takwimu za taifa. Haki ya kuondoka bila uwezo wa kuondoka inafanana na ile ya mkulima aliyekosa imani na chama chake, au aliyebanwa na ada ya shule kabla ya mnada, akauza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya chama. Ni kweli hakuna anayemshika mguu. Ila anauza kwa bei ya mnunuzi, kwa kipimo cha mnunuzi, na hasara ni yake peke yake. Jumuiya inayowajibu walalamikaji kwa kusema "chukua nakala uende" imechoka kujadiliana, na inawapa uhuru wale tu wasiouhitaji sana.

Nasikia pia kicheko cha msomaji wa Masasi. Hizi AMCOS tunazoambiwa tujifunze kwazo, si ndizo ambazo viongozi wake wamefikishwa mahakamani? Si ndizo ambazo taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, imelazimika kuingilia ili fedha za wakulima zirejeshwe? Ndizo. Wala sisemi tuige mwenendo wa kila katibu. Ninachosema ni kwamba wizi kwenye AMCOS una jina, kwa kuwa kuna masharti ya kuupimia. Mkulima anaweza kusimama mkutanoni na kusema kilo zangu zilikuwa hizi, mjengeko wa bei ulikuwa huu, iliyofika ni pungufu. Kwenye jumuiya isiyo na masharti, mwenye madaraka anaweza kuzitumia fedha za mfadhili atakavyo, au kumfukuza mchangiaji kwa chuki, na hakuna atakayeweza kutaja kanuni iliyovunjwa, maana haikuwahi kuandikwa. Kashfa za ushirika zinatuonyesha kuwa masharti peke yake hayatoshi, na kwamba yanataka wanachama wanaohudhuria. Hazionyeshi kuwa yasiwepo.

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa programu huria katika Afrika Mashariki: wanachama ni nani? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, msimbo wazi, lugha yetu. Leo ni wachache wanaoikumbuka, na wachache zaidi walioitumia. Watumiaji walitengenezewa kitu, hawakufanywa wenye kitu. Kwa DHIS2 hali ni afadhali. Wataalamu wa Dar es Salaam wametengeneza vipengele ambavyo vimetumika hata nje ya Tanzania, na maombi ya nchi husikilizwa. Bado njia ya kumfikisha mhudumu wa zahanati mbele ya anayeamua ni ndefu, na sehemu kubwa yake ni ya Kiingereza. Kanuni ambayo jumuiya nyingi huisahau ni kwamba anayeripoti kasoro amechangia sawa na anayeirekebisha. Mhudumu aliyegundua kuwa fomu na kitabu havilingani ameona kitu ambacho mhandisi wa Oslo hawezi kukiona akiwa kwenye kiti chake. Akipuuzwa mara mbili, mara ya tatu atakisia namba na kunyamaza, na takwimu za taifa zitabeba makisio yake.

Jambo hili linakuwa la haraka zaidi kwa sababu mambo ya umma yanazidi kuhamia ndani ya programu. Tangu msimu wa 2024/25 mnada wa korosho wenyewe umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Minada ya kwanza ilileta bei zilizovuka shilingi 4,000 kwa kilo, na wakulima walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sanduku la zabuni lilikuwa kitu ambacho bibi asiyejua kusoma aliweza kukiangalia kikifunguliwa. Programu haifunguliwi hivyo. Kwenye pembejeo zenye ruzuku nako, mkulima anatambuliwa kwa orodha iliyo kwenye kompyuta, na asiyeonekana humo hapati salfa ya mikorosho. Kadiri uamuzi unavyoingia kwenye mashine, ndivyo tunavyohitaji kujua watu walio nyuma ya mashine wanaongozwa na nini, na hilo halitimizwi kwa kuweka msimbo hadharani tu, ingawa kuuweka hadharani ni mwanzo mwema.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Kijana wa Mtwara, Dar es Salaam au Mombasa anayeanzisha mradi wa programu huria aandike kwanza ukurasa mmoja wa masharti: nani anaamua nini, funguo ziko kwa watu wangapi, fedha zinasomwa wapi, pendekezo lililokataliwa linajibiwaje, na kiongozi anabadilishwaje. Asingoje mradi ukue, kwa sababu ukishakua kila kifungu kitaonekana kimelengwa kwa mtu fulani. Na Wizara ya Afya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wabandike kwenye ukuta wa kila zahanati, kwa Kiswahili, karatasi inayosema kasoro ya mfumo inapelekwa kwa nani, inajibiwa ndani ya siku ngapi, na asiyejibiwa amwandikie nani.